Karatasi ya Lahiri

Lincoln, Nebraska
15 Oktoba 1997

Shikamoo baba mkubwa,

Nagusa miguu yako na ya mama mkubwa kwa Bijoya, siku ya kumuaga mungu wetu Durga. Bibi mwambie yake nimeigusa mara mbili, maana najua atauliza. Huku Durga tumemsindikiza kwenye ukumbi wa kanisa tulioazimwa. Sanamu ni ile ile ya mwaka jana, hatuizamishi mtoni, tunairudisha kwenye sanduku lake. Nilipika kashata za nazi zikaungua chini, watu wakala hivyo hivyo kwa adabu.

Sasa neno lililonileta. Kibali changu cha kazi kinakwisha Agosti. Wakili wangu, Bi. Halvorsen, anasema naweza kuomba ukaazi kwa njia ya wataalamu, ila lazima nithibitishe nilichogundua mimi mwenyewe, si nilichosaidia. Nilimwandikia habari za ile karatasi yetu ya kupima sumu ya aseniki visimani. Akanirudishia imejaa wino mwekundu. Kila niliposema tuligundua, tulijaribu, tulifaulu, ameuliza pembeni: nani? Nikamweleza kwamba kwetu mtu hajitaji mbele ya mkubwa wake. Akasema vizuri, basi huyo mkubwa wako ndiye akutaje.

Na kweli baba mkubwa, makala zote zina jina lako mbele, na boksi la kipimo lenyewe linaitwa Karatasi ya Lahiri. Mtu wa uhamiaji atajuaje ni Lahiri yupi? Wewe ndiye unayejua kwamba ule ujanja wa kuilowesha karatasi kwenye maji ya wali, ili rangi isitawanyike, ulikuwa wangu. Nimeambatanisha maelezo ya ukurasa mmoja. Usishtuke kwamba nimejiandikia mwenyewe, huku ndivyo wanavyofanya wote. Mkubwa anasoma, akiona ni kweli anatia sahihi.

Bila sahihi hiyo Agosti nafunga mizigo, na hii kazi niliyoianza ya visima vya wakulima wa huku anapewa mwingine.

Mwanao,
Tuki


Krishnanagar
24 Novemba 1997

Kwako Tuki,

Marahaba mwanangu, na baraka zetu zote za Bijoya. Bibi yako anakohoa lakini ulimi wake mzima, jana kamfukuza muuza samaki mpaka mwisho wa barabara kwa sababu ilishi wake alikuwa na macho mekundu. Mama mkubwa wako goti linamsumbua. Yule mhandisi wa Durgapur bado hajaoa, na mama yake ametuulizia habari zako tena. Usijifanye hukusikia.

Maelezo yako nimeyaona. Kiingereza chako kimenyooka.

Hapa maabara vijana wananisumbua. Tangu mvua ziishe, karatasi zinatoa madoa, rangi inakimbilia pembeni, huwezi kusoma kitu. Wanataka kujua yale maji ya wali yanalazwa usiku mmoja au miwili. Mimi nimewaambia mmoja, lakini vijana wa siku hizi hawaamini mpaka wasikie kwa mtu mwingine. Niandikie upesi.

Vaa soksi nzito.

Baba yako mkubwa,
Anadi


Lincoln
14 Desemba 1997

Shikamoo baba mkubwa,

Poleni na kikohozi na goti. Mwambie bibi huku samaki hawana hata macho, wanakuja wamekatwa vipande kwenye nailoni.

Usiku mmoja. Ukilaza miwili maji yanachacha na karatasi inanuka. Kisha ianikwe kivulini, si juani.

Nimekujibu, sasa nijibu. Umesema maelezo umeyaona na Kiingereza kimenyooka. Sikuuliza habari za Kiingereza. Je, utatia sahihi? Bi. Halvorsen kaniuliza mara mbili, na mara zote nimemwambia posta ya India inachelewa. Namdanganya kwa ajili yako, baba mkubwa.

Na tafadhali kwenye bahasha andika jina langu kamili. Uliandika "Tuki, Lincoln" na namba ya nyumba basi, tarishi akaipeleka kwa jirani mwenye paka anayeitwa Tookie. Sitanii. Jirani alishaifungua. Huku mimi ni Daktari Sharbani Lahiri, hata kwenye kengele ya mlango imeandikwa hivyo.

Mhandisi wa Durgapur aoe tu, asinisubiri.

Mwanao,
Tuki


Krishnanagar
30 Januari 1998

Kwako Tuki,

Marahaba. Tuko wazima, baridi ya mwaka huu imetubana. Mtoto wa jirani yetu Bulu amepata kazi ya benki, mama mkubwa wako amegawa vitamu vya sarpuria mtaa mzima kana kwamba ni mwanawe.

Daktari! Mimi nimekufuta makamasi. Nimekupeleka shule mgongoni baba yako alipofariki, na ndala zako nimezibeba mkononi. Unataka niandike Daktari kwenye bahasha, tarishi wetu wa hapa acheke? Huyo mwenye paka mwambie asifungue barua za watu.

Barua yako ya serikali nimeiandika upya kwa mkono wangu, kwenye karatasi yenye nembo ya chuo, maana ile yako nilishindwa. Tangu lini mtu akajisifu mwenyewe kisha akampelekea mwenziwe sahani ale na kusema ni tamu? Aibu, Tuki. Nilikulea hivyo? Katika maabara yangu hakuna anayesema mimi. Profesa wangu alikuwa hivyo, na wa kwake vile vile. Jina la mkubwa linatangulia ili wadogo wapate kivuli.

Soma mwenyewe, nimesema kweli tupu: "Sharbani Lahiri alifanya kazi chini ya maelekezo yangu kwa bidii na adabu, na alisaidia katika kukamilisha karatasi." Wameridhika na wengine kwa machache kuliko hayo.

Karatasi bado zina madoa. Yale maji mlikuwa mnayachuja kwa kitambaa au kwa chujio la waya? Vijana wamebishana juma zima.

Anadi


Lincoln
21 Februari 1998

Baba mkubwa,

Adabu! Umeandika adabu! Serikali ya Marekani haitafuti mke.

Nimempa Bi. Halvorsen barua yako. Kaisoma, akavua miwani, akaniambia nikiipeleka hii uhamiaji ni bora nisipeleke kitu, kwa sababu inasema kwa herufi safi kwamba mimi ni msaidizi na wewe ndiye mgunduzi. Nilisimama pale nimevaa koti, nikaona haya mbele ya mgeni kwa ajili ya baba yangu mkubwa. Sikuwahi kudhani siku hiyo ingefika.

Chini ya maelekezo yako? Maelekezo yapi? Wewe ulikuwa Delhi kwenye kamati, unakula chakula cha hoteli. Mimi ndiye niliyekuwa naharibu karatasi kutwa kucha mpaka mikono ikatoka mabaka. Uliporudi nilikuonyesha moja isiyo na doa. Ukaipeleka dirishani, ukaitazama, ukaniambia nilete chai. Nikaleta. Chai haijapoa, ulishaandika kichwa cha makala na jina lako chini yake. Nikakaa kimya, kwa sababu nilidhani hiyo ndiyo zamu yako na yangu itakuja. Kivuli, unasema! Kwenye kivuli chako hakuna kilichoota.

Sina shukrani, najua utasema. Ninayo. Ndala zangu ulizibeba na sitasahau. Lakini hukunibeba ili baadaye unidai kichwa changu.

Swali la kitambaa na chujio sikujibu. Waambie vijana wamuulize mgunduzi.

Sharbani


Krishnanagar
19 Aprili 1998

Tuki,

Marahaba sikuiandika kwa sababu shikamoo yako sikuiona.

Nilikusudia nisiandike tena. Bibi yako ndiye aliyenikalia. Kila tarishi akipita anauliza, Tuki kasemaje, Tuki kasemaje. Namwambia mzima. Sikumsomea barua yako, nimeificha chini ya magodoro kama mwizi, ndani ya nyumba yangu mwenyewe!

Umekuwa na mdomo. Sawa. Marekani imekufundisha kuhesabu nani alifanya nini, hata kwenye chai. Basi na mimi nihesabu? Nani alikulipia chuo? Nani aliwajibu watu waliosema mtoto wa kike asipelekwe kusomea kemia? Niliwahi kukuandikia hati ya madai?

Nikuambie kinachoniuma. Mwezi wa sita kamati ya wizara inakuja kuzikagua karatasi. Wakiziona zina madoa, mradi unafungwa, na mimi nastaafu mwaka huu nimeshika boksi la aibu lenye jina langu. Lakini hilo liache. Kule Karimpur visima vipya vya pampu vimechimbwa, watu wanasubiri tuje tupime, na hatuna cha kupimia. Wanakunywa tu, Tuki. Umeona mwenyewe mikono ya watu wa kule, ile ngozi. Wewe umekaa na siri yako kwenye joto la hita unasubiri sahihi!

Tumefanya kila ulichoandika. Usiku mmoja, kivulini. Kitambaa tumejaribu, chujio tumejaribu. Hata mchele sitaki mchezo, nauchukua jikoni kwangu, ule safi wa jua wa bibi yako, si ule wa hosteli unaonuka. Bado madoa. Ulificha nini? Ulifanyaje wewe mpaka zikatoka safi? Tangu uondoke haijatoka hata moja ya kumwonyesha mtu. Sema ulichoficha, halafu usiniandikie tena.

Anadi


Lincoln
10 Mei 1998

Shikamoo baba mkubwa,

Nimeiandika shikamoo, ili usipate pa kujifichia.

Jibu lako hili hapa, na nalitoa kwanza, kabla ya mengine. Ni mchele. Huo wa bibi ni mchele wa jua, uliokaushwa bila kuchemshwa, mjane mcha Mungu ndio anaokula, na wewe kwa kuwa ni msafi wa wasafi ukaona ndio unaofaa maabara. Haufai. Mimi nilitumia wa jikoni hosteli, ule uliochemshwa na maganda yake, wanaokula wanafunzi na vibarua, kwa sababu huo ndio uliokuwepo. Maji yake ni mazito namna nyingine, yanaishika rangi. Niliujaribu na wa jua siku zile, nikapata madoa haya haya unayoyalilia. Wala sikuficha. Haikuniingia akilini kwamba mtu angebeba mchele wa sadaka kutoka nyumbani akapimie sumu! Ungeniuliza mstari mmoja tu, Tuki, ulifanyaje, ungejibiwa tangu Novemba. Lakini hukuweza. Ilibidi vijana waulize, vijana wabishane. Vijana gani? Nimemwandikia Gopen wa stoo, kanijibu kwamba maabara umebaki wewe na yeye.

Kuhusu Karimpur, ulinichoma, na ulijua utanichoma. Kweli, miezi hii miwili na zaidi nilinyamaza kwa hasira, na watu wanakunywa. Hilo nalichukua, ni langu. Lako nawe lichukue.

Sasa jambo la pili, ukae chini. Barua yako ya Aprili ilifika nikiwa natoka kwenda kwa Bi. Halvorsen kumwambia tuache, sina shahidi. Nilikuwa nayo mkononi, nimeisoma kwenye basi. Akaniuliza nini hicho. Nikamtafsiria kwa hasira, nimuonyeshe ninavyotukanwa na watu wangu. Nilipofika pale, "ulifanyaje wewe mpaka zikatoka safi," akanisimamisha. Rudia, akasema. Nikarudia. Akataka za Novemba na Januari pia.

Baba mkubwa, nimezitoa. Zote tatu, neno kwa neno, kikohozi cha bibi humo, goti la mama mkubwa humo, mhandisi wa Durgapur humo. Mtafsiri wa kuapishwa amezigeuza Kiingereza na zimekwenda uhamiaji pamoja na ile barua yako yenye nembo. Wakili anasema hajaona ushahidi wa namna hii: mtu mwenye jina lake kwenye boksi, nusu mwaka anamuuliza msaidizi wake wa adabu namna ya kulitengeneza.

Nilikuomba ukurasa mmoja. Umeniandikia mingi.

Sharbani


Lincoln
5 Oktoba 1998

Shikamoo baba mkubwa,

Nagusa miguu yako na ya mama mkubwa kwa Bijoya, na ya bibi mara mbili. Hukuniandikia tangu Aprili, lakini Bijoya haina ugomvi, ndivyo ulivyotufundisha wewe mwenyewe, na ulitupanga mstari tuandike kadi kwa watu tusiowapenda.

Wamenikubalia mwezi wa nane, siku chache kabla kibali hakijaisha. Nabaki. Kashata za mwaka huu hazikuungua.

Sijui kama mchele ulifaa. Gopen hajibu tena, nadhani umemkataza. Ningependa kujua.

Mwanao,
Tuki


Krishnanagar
2 Novemba 1998

Kwako mheshimiwa,

Bahasha umeiona. Umetaka kuwa mgeni, basi nimekuandikia kama anavyoandikiwa mgeni, jina lote na cheo chake. Nilimpa tarishi mwenyewe mkononi. Kaisoma kwa sauti pale dukani kwa Haripada, wote wakasikia. Kama hujaridhika sema.

Baraka za Bijoya unazo, siwezi kumnyima mtu Bijoya. Bibi anakubariki. Kaambiwa yote, kwa sababu mama mkubwa wako hana kifua. Unajua alisemaje? Alicheka mpaka kikohozi kikampanda. Akasema miaka arobaini nimemlisha mchele wa jua, na bado sikujua una kazi gani. Nyumba nzima inanicheka.

Barua za nyumbani! Mhindi gani, Mbengali gani, mtu gani aliyetoka tumbo la mama anapeleka barua za baba yake mkubwa ofisi ya serikali? Wazungu wamekaa wanasoma habari za goti la mke wangu! Wamezipiga mihuri! Nikilala nawaona. Nilitaka kuandika barua ya kukukana, nikakaa na kalamu. Kisha nikafikiri, akiipata hii naye ataipeleka.

Mchele umefaa. Ndiyo. Furahi. Kamati ilikuja, karatasi zilitoka safi mbele ya macho yao, wakanipigia makofi, na mimi nikasimama pale kama nimeiba. Mmoja akauliza wazo la mchele wa hosteli lilitoka wapi. Nikamwambia ni mtu mmoja yuko Nebraska. Akaandika. Usidhani nimefanya kwa ajili yako, ni kwamba swali lilinikuta sijajiandaa.

Karimpur tumepima. Vingi vina sumu, karatasi imegeuka kahawia, tumevipaka rangi nyekundu watu wasinywe. Vichache vizima.

Sikuulizi kitu tena maishani mwangu, na barua hii usinijibu.

Profesa Anadi Lahiri

Mchele wa mavuno mapya umeanza kuingia sokoni, na Gopen amenunua gunia. Karatasi za juzi zimeanza kulegea tena kidogo pembeni. Ulikuwa unatumia mpya au wa mwaka uliopita?


Lincoln
21 Novemba 1998

Shikamoo baba mkubwa,

Wa mwaka uliopita. Mpya una maji mengi, maji yake yanakuwa mepesi. Gunia la Gopen lipeni hosteli, wao watashukuru.

Pole kwa vicheko. Pole na kwa goti la mama mkubwa kupigwa muhuri, hiyo ni pole ya kweli. Kwa hayo mengine sisemi pole, na wewe hukusema, tumelingana. Hasira yangu bado ipo. Ikifika siku haipo nitakuandikia.

Barua yako ililetwa na tarishi yule yule wa kisa cha paka. Safari hii hakwenda kwa jirani. Alipanda ngazi mpaka mlangoni, akatazama kengele, akatazama bahasha, akanikabidhi. Daktari Sharbani Lahiri, kwa mwandiko wako, ule wa wino wa buluu unaoandikia vyeti. Umeubonyeza kwa ghadhabu mpaka karatasi imetoboka kwenye herufi ya kwanza. Nilikaa kwenye ngazi na koti langu, sikuifungua kwa muda.

Jana nilipita kwa Bi. Halvorsen kuchukua majalada yangu. Aliiona bahasha kwenye mkoba akauliza kama ni nyingine ya kutolewa nakala, faili bado halijafungwa rasmi. Nikamwambia hapana. Hii haiendi popote, hii ni yangu.

Mwanao,
Tuki